Siku mbili Rishikesh na goti la mama

Kila ushauri niliousoma kuhusu Rishikesh, mji wa mtoni kaskazini mwa India, umeandikwa na mtu mwenye magoti mazima. Amka saa kumi alfajiri upande kilimani uone jua linachomoza, teremka mto kwa boti la mpira, kaa chini ukunje miguu lisaa limoja na nusu uvute pumzi, lala kwenye ashramu (nyumba ya watawa wa Kihindu) chumba cha bei chee choo cha kuchuchumaa. Sasa mimi naenda na mama. Mama ana miaka 68 na goti lake la kulia ni la chuma na plastiki, aliwekewa Delhi mwaka jana, na Novemba hii tunarudi kwa chekapu ya mwaka. Kwa hiyo hii naandika kwa wenzangu mnaosindikiza wazazi India, sisi tunaojazana kwenye zile gesti za karibu na hospitali na unga wa sembe kwenye sanduku, alafu unajikuta una siku mbili tatu za bure hujui uzifanyie nini.

Ratiba yetu iko hivi: Jumatano mama anapigwa picha na kutolewa damu, Jumatatu ndo daktari anatuita na majibu yote. Katikati hapo kuna siku nne. Mwaka jana siku kama hizo tulizimalizia ndani, mimi na simu, mama na tamthilia za Kihindi, haelewi neno hata moja ila anazifuata kwa kuangalia macho ya mama mkwe tu na alikuwa anapatia kuliko mimi. Na Novemba si mwezi wa kukaa Delhi jamani. Wakulima wa Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga, magari na viwanda vinaongezea vya kwao, baridi inaanza kuingia na ule moshi unakaa chini hauendi popote, ukipenga kamasi unaona kijivu. Rishikesh iko kama kilomita 240 kaskazini mashariki, jimbo la Uttarakhand, pale mto Ganga (ule tuliousoma shuleni kwa jina la Ganges) unapotoka kwenye milima ya Himalaya na kuingia tambarare. Mji wenyewe hauko juu sana, haufiki mita 400 toka usawa wa bahari, kwa hiyo hata presha ya mama haina sababu ya kugoma.

Ila kusema kweli hiyo yote ni sababu ya pembeni. Sababu yenyewe ni mzee mmoja mwenye duka la vitambaa pale Tanga mjini. Ni Mhindi aliyezaliwa Tanga, Kiswahili chake ni cha Tanga kuliko hata changu mimi niliyehamia Dar, na kwa miaka mingi vitambaa vya sare zetu vyote vimetoka kwake kwa mkopo wa daftari, maana mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mishahara ya enzi zile mnaijua wenyewe. Mama alipoenda kumuaga mzee akaingia ndani, akarudi na kichupa cha chuma cha kifuniko cha kuzungusha, kimefungwa kwenye gazeti, akasema, "Mwalimu, mkifika Ganga nichotee maji kidogo." Nyumbani kwake kulikuwa na maji ya Ganga kwenye kilota, kile kijungu cha shaba, kilichozibwa, aliyaleta marehemu baba yake, yamekauka siku nyingi. Majivu ya huyo baba yalipelekwa India yakamwagwa mtoni Haridwar, aliyepeleka ni ndugu yake, mzee mwenyewe hajawahi kufika.

Hapo mama akachukua kichupa akakitia kwenye pochi na habari ikaishia hapo, hakuna mjadala.

Mjadala uliletwa na mdogo wangu kwenye grupu la familia. Sisi ni Waislamu na mama ni mtu wa swala tano, sasa bwana mdogo akaandika aya ndeeefu kwamba mji ule ni wa ibada za watu, mama anaenda kufanya nini kule. Mama akamjibu kwa sauti, maana kuandika hapendi: "Mimi siendi kuuabudu mto, nakwenda kuutazama. Kwani Amboni tulipokwenda tuliabudu?" Waliofika mapango ya Amboni wanajua, kule ndani kuna mahali pa mzimu, watu wanaacha sadaka zao, na wewe na wanafunzi wako darasa la sita mnapita na tochi mnaendelea. Alafu akaongeza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria, kwamba amefundisha mto Ganges ubaoni miaka thelathini, chanzo chake, delta yake, mpunga wake, na hajawahi kuuona. Bwana mdogo akaweka emoji ya mikono.

Basi nikaanza kupanga.

Kwanza mji. Watu wengi wakisikia mji mtakatifu wa mtoni India wanawaza Varanasi, na mimi nilianzia huko, ila Varanasi toka Delhi ni karibu kilomita 800, na ngazi za kushukia mtoni ni nyingi na kali, na pale Manikarnika maiti zinachomwa hadharani mchana na usiku. Kwa mtu aliyetoka kulala hospitali nikaona hapana. Haridwar ni karibu zaidi na ndo mji wa mahujaji hasa, lakini kwa kulala nimeona Rishikesh, ambayo iko kama kilomita 25 mbele yake, imetulia kidogo na milima iko pale pale. Treni kubwa za toka Delhi nyingi zinakuachia Haridwar unamalizia kwa gari, hilo lishike maana litarudi mwisho.

Wakati nao muhimu. Julai na Agosti usijaribu, ni masika ya kwao, mto unakuwa mwekundu wa tope na boti zote zinasimama, na ndo kipindi cha Kanwar, mamilioni ya waumini wa mungu Shiva wanakuja Haridwar kwa miguu kuchota maji ya mto wayapeleke makwao, barabara ya Delhi inakuwa yao. Mei na Juni joto. Mwisho wa Desemba na Januari ukungu unachelewesha treni mpaka unakata tamaa. Mwanzo wa Machi kuna tamasha la yoga la kimataifa, vyumba vinapanda. Novemba ni nzuri, mchana jua la kiasi, usiku sweta na soksi, maji ya mto yameshachuja yamekuwa ya kijani. Baridi yake lakini ipo mwaka mzima, maana yanatoka kwenye barafu. Kosa ambalo sitaki kulifanya ni wikiendi. Watu wa Delhi wote wenye gari Ijumaa jioni wanaelekea Rishikesh na Jumapili jioni wote wanarudi, na mimi nina daktari Jumatatu asubuhi. Kwa hiyo tunaenda Alhamisi tunarudi Jumamosi, wao wakiwa wanakuja sisi tunaondoka, Jumapili mama analala.

Treni niliyochagua ni Shatabdi ya Dehradun, inatoka stesheni ya New Delhi saa moja kasoro asubuhi, saa tano na ushee uko Haridwar. Ni viti tu si vitanda, kiyoyozi, wanaleta chai na kifungua kinywa, na nauli ya daraja la kawaida niliyoiona haifiki rupia elfu moja kwa mtu. Rupia moja inacheza kwenye shilingi 30 hivi, piga hesabu. Kingine kilichonifanya niichague ni choo. Wale wenye wazazi wa magoti mnanielewa, kuchuchumaa kwa goti la bandia ni marufuku, na kwenye mabehewa haya kuna choo cha kukaa, nilikihakikisha mwaka jana kwa macho yangu tulipopanda treni nyingine ya aina hiyo hiyo. Tiketi zinaisha haraka. Tangu Novemba 1, 2024 wamepunguza dirisha la kukata mapema toka siku 120 hadi 60, kwa hiyo siku ile ya 60 kila mtu yuko mlangoni. Sisi wageni tuna mgao wetu mdogo, na pale New Delhi kuna ofisi ya wageni ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni, unaenda na pasipoti.

Sasa hiyo ofisi ngoja niisemee. Mwaka jana nilipoenda, hata ngazi sijaifikia, akanikuta kijana kavaa shati safi na kitambulisho shingoni, mpole kabisa, ananiambia dada ofisi imefungwa kwa ukarabati, imehamia mtaa wa pili, twende nikuonyeshe. Nikamfuata! Mimi mtu wa Kariakoo! Nikaingizwa kwenye kiofisi cha utalii nikaambiwa treni zote zimejaa ila kuna gari binafsi la dola mia mbili. Nilitoka pale kwa kujifanya nampigia daktari simu. Ofisi haikuwa imefungwa na wala haikuwa imehama. Huo ni mchezo wa siku nyingi pale, kila siku imefungwa, imeungua, imehama. Mtu yeyote akikwambia imefungwa wewe panda ngazi ukaone kufuli kwa macho yako.

Stesheni na metro zote kuna mashine za ukaguzi na mama akipita analia. Yaani mashine inalia. Mara ya kwanza alishtuka akainua mikono juu kama mtuhumiwa, siku hizi anaonyesha goti tu na kucheka. Tembea na barua ya hospitali yenye aina ya kiungo na tarehe ya upasuaji, kopi tatu nne, na kopi za pasipoti na viza, kwa sababu laini ya simu wanataka kopi na hoteli wanataka kopi. Na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) usiiache Delhi eti kwa sababu umeshaingia, mimi natembea nayo kama hirizi.

Hoteli ndo ilinila siku tatu. Kuna maeneo kama manne. Tapovan ndo kwa vijana, mahosteli na mikahawa ya kahawa, ila kuko kwenye mteremko, ukishuka mtoni lazima upande tena. Swargashram iko ng'ambo, magari hayapiti vizuri, maashramu makubwa yako huko. Muni ki Reti ni upande wa magari karibu na daraja la Ram Jhula. Na kuna mjini kwenyewe, Triveni Ghat, ambako wageni wa Ulaya hawapapendi sana kwa sababu ni sokoni, makelele, ng'ombe, maduka ya sufuria. Mimi ndo nimepapenda. Ni tambarare, gari linakuacha karibu, ghati yenyewe (zile ngazi za kushukia mtoni) ni pana. Alafu jua kwamba hoteli ikimpokea mgeni lazima imsajili serikalini kwa fomu maalumu, na vigesti vidogo vingine havitaki hiyo kazi, unafika na mabegi unaambiwa hatuchukui wageni. Kwa hiyo niliandikia hoteli saba ujumbe mmoja: mnapokea pasipoti ya Tanzania? kuna lifti? choo cha kukaa kina kishikio? Tatu hazikujibu. Moja ikajibu ndiyo ndiyo hakuna shida, nikaomba picha ya lifti, wakanitumia picha ya mto. Nyingine ikasema lifti ipo ila haifiki ghorofa ya vyumba, hapo mpaka leo najiuliza inafika wapi. Mwisho nimepata moja yenye chumba cha chini kabisa, hakuna lifti na haihitajiki, rupia 2,400 kwa usiku na chai ya asubuhi.

Maashramu niliyafikiria, mama mwenyewe alitaka kuona watu wanavyoishi. Lakini geti linafungwa mapema usiku, kuna ratiba za sala na ukimya, na mimi naona si adabu kwenda kukaa kwenye nyumba ya ibada ya mtu kwa sababu ya bei. Tutapita kutazama tu.

Hapo kwenye kutazama ndo nilipompata mama kabisa, maana nilimsimulia habari ya Abdul Kalam. Alikuwa kijana wa Kiislamu toka Rameswaram kusini kabisa mwa India, baba yake alikuwa imamu wa msikiti na mwenye mashua. Amesoma uhandisi wa ndege, ndoto yake awe rubani wa jeshi la anga, akaenda kwenye usaili Dehradun, zikawa nafasi nane, yeye akashika namba tisa. Akashuka mpaka Rishikesh moyo umevunjika, akaoga mtoni, akaingia kwenye ashramu ya Swami Sivananda, wakaongea. Huyo Sivananda naye kabla ya kuwa mtawa alikuwa daktari, amefanya kazi Malaya miaka kama kumi, na jumuiya yake aliianzisha pale mwaka 1936, ashramu bado ipo karibu na Ram Jhula. Kalam akarudi akaingia kwenye mambo ya roketi na makombora, na mwaka 2002 akawa rais wa India mpaka 2007. Mama akauliza, "Na alibaki Muislamu?" Nikamwambia alibaki. Akasema basi mtumie mdogo wako hiyo habari. Nimemtumia, ameisoma, kimya.

Ashramu ile ya Beatles tumeiacha. Hiyo ndo kila mtu anakwambia usikose, wale wanamuziki wa Uingereza walikuja Februari 1968 kwa mwalimu wao wa tafakari, Maharishi Mahesh Yogi, wakatunga nyimbo nyingi, sasa hivi ni magofu yaliyopakwa michoro ndani ya hifadhi ya chui wa milia ya Rajaji, imefunguliwa kwa wageni 2015 na unalipa kiingilio. Kuna kupanda. Na mama hao Beatles hawajui, nilimwekea wimbo mmoja akasema wanaimba vizuri lakini wanahitaji taarabu.

Kwa hiyo plani nzima ni hii na nimekataa kuiongezea kitu. Alhamisi tunafika mchana, tunakula, analala, jioni akijisikia tunatoka kidogo. Ijumaa asubuhi baada ya chai tunachukua gari mpaka Ram Jhula. Hilo daraja ni la kamba za chuma, la waenda kwa miguu, lilijengwa miaka ya themanini, linanesanesa na watu, ng'ombe na nyani wanapita humo humo. Lile kongwe la Lakshman Jhula la mwaka 1930 limefungwa toka 2019 kwa sababu za usalama, msije mkapanga safari kwa picha za zamani. Mama darajani hapana, akisukumwa tumekwisha. Lakini pembeni yake kuna boti za kuvusha watu mpaka Swargashram, na mtu wa Tanga huwezi kumtisha na boti. Ng'ambo tunatafuta kibao cha kukaa tunywe chai. Kuna mgahawa wa siku nyingi, Chotiwala, mlangoni anakaa mtu kapakwa rangi ya waridi mwili mzima, kichwa kimenyolewa kimebaki kishungi kimoja kimesimama wima, kazi yake kupiga kengele na kukaa vile. Nataka tu nione mama atamwambia nini.

Chakula hakinipi shida ila mjue, Rishikesh hakuna nyama, hakuna samaki, mayai yenyewe kwa kutafuta, na pombe hairuhusiwi. Kwa sisi ni afueni, maana Delhi kila mkahawa lazima uulize hii nyama imechinjwa na nani, kule unakula chochote kwa amani. Dengu, chapati, wali, achari, kachumbari, bajia. Ukisikiliza vizuri majina kama chapati, achari na bajia huhitaji hata mkalimani, na si chakula tu, duka wanasema dukan, bima ni bima, rangi ni rang, serikali ni sarkar, safari ni safar. Mwaka jana mhasibu aliponitajia bili kwa laki nikadhani anaongea Kiswahili, nikaumia mara moja bila tafsiri. Madereva waite bhaiya, ndo kaka. Mama yangu gesti nzima walikuwa wanamwita amma, na kwa kule Rishikesh nadhani atakuwa mataji, ndo mama wa heshima, hata watawa wa kike wanaitwa hivyo, tayari ameshanitania kwamba ataanza kunibariki kwa malipo.

Nyani nilishawataja kidogo. Wako wa aina mbili, wale wakubwa wa kijivu wenye uso mweusi wana mkia mrefu na wana heshima zao, na wale wadogo wa uso mwekundu, hao ni vibaka. Usishike mfuko wa plastiki, usile ndizi unatembea. Pesa ndogo ndogo ubebe, kila mtu pale mpaka muuza karanga ana kile kibao cha kuskani ulipe kwa simu, kama M-Pesa zetu, ila bila akaunti ya benki ya India inakuwa shughuli, na ukitoa noti ya 500 kwa chai ya 20 muuzaji anakuangalia kama umemtukana mama yake. Usafiri wa kuchangia upo, mabajaji makubwa yanaitwa Vikram, watu wanabanwa kama Hiace za Mbagala, mimi kijana ningepanda, kwa mama nachukua la peke yetu.

Ijumaa jioni ndo aarti, ile ibada yao ya moto mtoni, Triveni Ghat. Novemba jua linazama mapema kwa hiyo tunafika saa kumi na moja kamili kutafuta pa kukaa. Watu wanakaa kwenye ngazi chini, viatu mmeviacha, na hapo ndo goti lilipokuwa linanisumbua usingizi, mpaka nikakumbuka vile viti vya kukunja vya wavuvi. Nimenunua kimoja Kariakoo, kinaingia kwenye begi la mgongoni. Tutakaa nyuma kabisa, pembeni, anyooshe mguu. Kwenye video unaona makuhani wamesimama mstari wameshika mataa ya shaba ya ngazi ngazi yenye ndimi nyingi za moto, wanayazungusha wote kwa pamoja, kengele, magunda ya baharini yanapulizwa, alafu watu wanateremsha mtoni vikombe vya majani vina maua na kitaa katikati, vinaondoka na maji. Nikawa namweleza mama kwamba kile kitaa mara nyingi wanawashia kipande cha karafuu maiti. Akanyamaza kidogo. Kwetu harufu ile tunaijua kwa kazi moja tu, na wakati wa msiba wa baba ilikaa kwenye shuka za nyumbani wiki nzima. Akasema, "Kumbe wao wanaiwasha."

Maji yenyewe hatuingii. Mto ule usione umetulia, mkondo wake unachukua watu kila mwaka, na juu huko kuna mabwawa, likiwemo la Tehri lenye ukuta wa mita 260, maji yakifunguliwa kina kinabadilika. Juni 2013 mafuriko yalizoa sanamu kubwa ya Shiva iliyokuwa imekaa mtoni mbele ya ashramu ya Parmarth Niketan, dunia nzima ikaona kwenye taarifa ya habari.

Jumamosi kurudi nimekodi gari badala ya treni, nimepewa bei kati ya rupia 4,500 na 6,000 mpaka Delhi, ili tusimame goti likitaka. Na kuna kitu nataka kumwonyesha njiani, kule Muzaffarnagar. Novemba ndo msimu wa kukamua miwa, pembeni ya barabara wanachemsha masufuria mapana ya sukari guru, na hilo neno guru ndo lao, gur, ndo tulilitoa huko. Mama kila asubuhi lazima kipande na kahawa. Nimeshamwonya tunanunua kilo mbili tu. Ananikubalia haraka mno.

Kilichobaki kilikuwa kichupa. Mimi nilipanga tujaze Rishikesh Ijumaa asubuhi tukivuka na boti, maji safi, unainama unachota, rahisi. Juzi usiku nampitisha mama kwenye ratiba mstari kwa mstari, nikafika hapo akanisimamisha.

"Baba yake mzee alimwagwa wapi?"

Nikasema Haridwar.

"Na maji ya Rishikesh yanakwenda Haridwar, au ya Haridwar yanakuja Rishikesh?"

Mwalimu wa jiografia. Nikamwambia yanateremka, Rishikesh iko juu, Haridwar iko chini.

"Sasa ukichota juu, si utakuwa umechota kabla hayajampitia?"

Nilitaka kubishana kwamba mto ni mmoja, na kwamba Har Ki Pauri, ile ghati kuu ya Haridwar, Jumamosi ni watu kama siafu, gari halisogei mpaka pale, kuna mwendo, kuna ngazi, na chini kwenye maji wameweka minyororo watu wajishikilie. Nikaona hata nikisema. Nikafungua simu nikamwandikia dereva kwamba tunaondoka Rishikesh saa moja asubuhi badala ya saa tatu, tunasimama Haridwar lisaa limoja. Nikamuuliza mama sasa zile ngazi utazishukaje.

"Utashuka wewe," akasema, huku anakizungushia kile kichupa kitenge. "Mimi ntakaa juu nikushikie viatu."